Maganda Saba Mekundu

Mlioniaga wodini mwezi uliopita mliniomba niwaachie maneno. Siku ile nilikataa, kwa sababu maneno yanayosemwa mbele ya soda na keki hayadumu. Sasa nimekaa nyumbani wiki nne, nimepalilia shamba lote hadi kwenye mpaka wa jirani, na nimeona kwamba mlikuwa na haki ya kuomba. Nayasema haya kwa mjukuu wangu Nabwire, aliye kidato cha tatu, naye anaandika. Mimi sikuketi darasani hata siku moja. Nimemwagiza aandike kama ninavyosema, asipambe wala asipunguze, na akimaliza kila sehemu anisomee.

Kuhusu vyeo na mishahara sina la kueleza. Nilikuwa mhudumu siku ya kwanza na nilikuwa mhudumu siku ya mwisho, na mshahara wa mhudumu mnaujua.

Niliingia hospitali yetu ya misheni, hapo kwenye njia ya kutoka Busia kwenda Malaba, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu. Aliyenipokea alikuwa Sista Benigna, Mtanzania wa Songea, mkuu wa wodi ya watoto. Nilimsalimu kwa Kiswahili changu cha sokoni na kuanza kumweleza shida yangu. Akanyamaza. Nikarudia. Akaniambia, "Mama, mgonjwa akielezwa nusunusu hutibiwa nusunusu. Sema sentensi yako mpaka mwisho." Kwa miezi sita hakujibu sentensi yangu yoyote iliyovunjika. Kiswahili ninachosema, ambacho baadhi yenu mlikuwa mkikicheka mkidhani nimekiokota jikoni, nilikipata kwa njia hiyo. Haikuwa njia ya upole, lakini ilifaa.

Siku ya kwanza alinipeleka chumba cha kufulia. Alinionyesha mabeseni matatu, sabuni ya mche, dawa ya Jik ya kuua vijidudu, na jiwe la kusugulia, kisha akanipa amri ambayo wengi wenu mnaiona kuwa ya uchafu: nepi itazamwe kabla haijalowekwa. Alisema kwamba anayeloweka kabla ya kutazama ni sawa na anayetupa barua mtoni kabla mwenyewe hajaisoma. Damu, makamasi, minyoo, rangi, harufu, yote yalipaswa kuripotiwa. Kwa hiyo mimi nisiyejua kusoma nilisoma nepi kwa miaka mitatu. Nabwire ameniuliza hapa kama aandike "kinyesi" au atafute neno laini zaidi. Andika kinyesi.

Baadaye nilihamishiwa jiko dogo la watoto waliokonda. Hapo kazi ilikuwa ya vipimo. Maziwa kwa kikombe cha bati, mafuta kwa kijiko, sukari kwa kijiko kilekile kikiwa kimefutwa. Uji wa wimbi uliokorogwa na njugu zilizosagwa. Mizani ya kuning'iniza ilikuwa na kaptula ya kitambaa ambamo mtoto huwekwa, na kila mtoto hulia humo, mzima na mgonjwa, hata mtoto wa daktari. Msihangaike na kilio hicho. Hangaikeni na asiyelia.

Humo jikoni ndimo nilimojifunza vitamini. Kapsuli za vitamini A zilikuja katika mikebe myeupe. Za buluu zilikuwa za mtoto asiyetimiza mwaka, nyekundu za aliyetimiza. Unakata ncha kwa mkasi safi, ukaiminya kinywani, ukangoja mpaka ameze. Mtoto hapewi ganda. Sista alinieleza kwamba akishapata moja, hapati nyingine mpaka miezi mingi ipite, kwa sababu mwili huiweka akiba kwenye ini, na akiba ikizidi huwa sumu. Nilielewa. Nataka mjue kwamba nilielewa, kwa sababu ya yatakayofuata.

Kwa kuwa sikuweza kuandika, Sista alinipa utaratibu wangu. Kila kitanda kilikuwa na kikombe kidogo. Nikimpa mtoto kapsuli, ganda tupu huliweka kikombeni, na muuguzi akipita huliona, huandika kwenye kadi, kisha hulitupa. Ganda likiwa kikombeni, mtoto amepata. Lilikuwa daftari nililoweza kulisoma, na nililipenda kuliko nilivyopaswa.

Ndipo akaja Akiru.

Alikuwa msichana wa Kiteso, mwaka mmoja na miezi minne, na uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miezi sita. Tumbo kubwa, makalio yamesinyaa, kikohozi kisichokwisha. Mama yake aliuza nguo za mitumba Malaba, akivuka kila mara kwenda upande wa Uganda, ambako mama yake mzazi aliishi ng'ambo tu ya mto. Wanawake wa wodini walikuwa na maelezo tayari. Wengine walisema anamnyima mtoto chakula apate mtaji. Wengine walisema amepata mimba nyingine mtoto akiwa titini. Mmoja aliyetoka upande wa ziwani alisema ni chira, kuna mwiko umevunjwa nyumbani. Mimi nilimhukumu kwa biashara yake, na nilimwambia kwamba mtoto halishwi kwa senti anazohesabu.

Alinijibu bila kuinua sauti. "Kukhu, huyu anakula kama mbeba mizigo wa pale mpakani. Kama huamini, kaa uone." Watoto na mama zao wote waliniita kukhu, yaani bibi, na nililikubali jina hilo kwa sababu ni la heshima.

Nilikaa nikaona. Mtoto alimaliza uji wake na kunyoosha mkono kwa uji wa kitanda cha pili. Wiki mbili zikapita, na mizani haikusogea.

Wakati huo mfuaji alikuwa mgonjwa, hivyo asubuhi nilikuwa nikifua kabla ya kuingia jikoni. Nepi za Akiru zilinisumbua. Kinyesi kilikuwa kingi, cha rangi ya majivu, chenye harufu inayobaki puani hadi chakula cha mchana, na juu yake kulikuwa na mafuta. Nepi iliteleza kama kitambaa cha kufutia sufuria. Sabuni ya mche haikuyatoa, ikabidi niyatoe kwa maji ya moto na majivu. Nilipima chakula cha mtoto huyo kwa mikono yangu, kijiko cha mafuta baada ya kijiko, na sasa nilikuwa nikikutana nacho tena ndani ya beseni.

Jambo la pili lililetwa na mbuzi. Misheni ilifuga mbuzi wachache, na nguo za watoto zilianikwa kwenye ua wa michongoma. Siku moja niliwakuta mbuzi wawili wakilamba fulana moja, na kuziacha nyingine zote. Niliwafukuza. Siku ya pili wakairudia fulana ileile. Nikaitazama vizuri: Akiru alikuwa ameivaa siku nzima ya jua, na mfuaji wa zamu ya mchana alikuwa ameianika bila kuifua, kosa ambalo kwa mara moja nililisamehe. Shingoni ilikuwa na mstari mweupe. Nikaugusa kwa ulimi. Chumvi.

Nilichukua fulana na nepi, nikampelekea Sista Benigna ofisini, nikaviweka juu ya meza yake. Hakufurahia meza yake kuwa hivyo, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda wodini, akainama, akambusu mtoto kwenye paji la uso, na akajilamba midomo. Mama Akiru akasema, "Hata mimi nikimbusu nasikia chumvi. Nilidhani ni jasho ya kubebwa mgongoni."

Kila mwezi daktari wa watoto alikuja kutoka Kisumu. Sista alimngojea mlangoni. Safari hiyo daktari hakuanza na kitanda cha kwanza, alianza na cha Akiru. Mtoto alipelekwa Nairobi kupimwa jasho, na jibu likarudi kwa barua. Ugonjwa una jina refu, sistiki faibrosisi, ambalo nililishika kwa kumlazimisha Sista alirudie mpaka akachoka. Daktari alisema ni ugonjwa wa kurithi, haukuletwa na njaa wala mwiko, na kwamba kwa watu weusi wengi hufa nao bila mtu kujua jina lake. Mimi nilikuwa na deni la kuomba radhi. Nililichelewesha.

Sista alinieleza ugonjwa kwa vitu ninavyovijua. Ndani ya tumbo kuna kongosho, inayotoa maji ya kusaga mafuta. Kwa mtoto huyu njia ya maji hayo imezibwa na ute mzito, ute uleule unaomjaa kifuani. Mafuta hayasagiki, basi hupita. "Umeyaona malori ya Malaba," alisema. "Lori likipita bila kushusha, mzigo wote huenda nalo." Mzigo ni vitamini zinazosafiri ndani ya mafuta: ya macho, ya mifupa, ya kugandisha damu. Mtoto huyu alikuwa akila na kubaki na njaa.

Matibabu yalikuwa ya kila siku. Daktari wa Kisumu alileta unga wa kusaga chakula, uliomo katika kapsuli ndogo ambazo hufunguliwa na unga wake kuchanganywa na kijiko cha ndizi mbivu iliyopondwa, mwanzoni mwa mlo. Unga huo ulikuwa adimu, na ulitolewa kwa mtoto aliyeandikishwa kwetu tu. Kulikuwa na chupa ya matone ya vitamini, kipimo chake kikiwa kikubwa kuliko cha mtoto mwingine. Mwanzoni tuliyatoa alfajiri pamoja na dawa nyingine, kabla ya uji, tukimsukumia kwa chai ya rangi. Hilo halikufaa, na msilirudie. Vitamini za mafuta hupewa pamoja na chakula chenye mafuta na ule unga wake, la sivyo mnailisha nepi. Nikabadilisha sahani yake: parachichi, simsim iliyosagwa, njugu, maziwa yasiyoenguliwa, na chumvi zaidi kwa sababu jasho lilikuwa likiimaliza. Mama yake alifundishwa kumpiga kifuani na mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe ili ute utoke.

Mizani ikasogea. Sitawaambia kwa kiasi gani, kwa sababu tarakimu hizo zipo kwenye faili, ila siku ile kaptula ya mizani iliposhuka, Mama Akiru aliishika kamba kwa mkono kuhakikisha hakuna mtu anayeivuta.

Walikaa nasi karibu miezi mitatu. Mama Akiru pia hakuwa amesoma, na Sista akaniachia kazi ya kumfundisha. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kitoneshi pale matone yanapopaswa kufika. Nilimfundisha utaratibu wa maganda: kapsuli yoyote ya vitamini atakayopewa mtoto, atunze ganda, alilete kliniki, nasi tutajua. Alishika kila kitu mara moja. Tukawa wanawake wawili wasiojua kusoma tukiendesha matibabu ya Kisumu, na nakiri kwamba jambo hilo lilinipa kiburi.

Siku ya kwenda nyumbani aliniuliza kama vitamini za chupa zitatosha. Swali hilo lilikuwa la Sista. Sista alikuwa umbali wa milango miwili. Nikamjibu mwenyewe.

"Mama Akiru, huyu si kama wengine. Kwake vitamini hazishibi. Mahali popote wanapeana, wewe simama kwa laini."

Ndivyo nilivyosema, na Nabwire ameandika kama nilivyosema. Nilikuwa nimesikia habari ya akiba na sumu. Nilijiambia kwamba sheria ile ni ya watoto ambao lori lao hushusha mzigo, na nikasahau kwamba ule unga ulikuwa umeanza kushusha mzigo wa lori la Akiru.

Sasa lazima nieleze desturi yetu ya mpakani, kwa ajili ya wale wenu wanaotoka Nakuru na Machakos. Mtu wa Malaba ana nyumba huku na kaburi la babu ng'ambo. Mtoto ana bibi wa pande zote mbili, na kila bibi hutaka mtoto ahesabiwe kwake. Kwa hiyo mtoto huwa na kadi mbili za kliniki, moja ya Kenya na moja ya Uganda, na hakuna anayeona kuwa amedanganya. Akichanjwa surua wiki hii huku, atachanjwa tena kule wiki ijayo. Kwa chanjo nyingi desturi hiyo haikudhuru mtu. Ilitusumbua sisi tuliohesabu tu.

Miezi michache baada ya Akiru kwenda nyumbani, serikali zote mbili ziliweka siku za chanjo na vitamini, zikikaribiana. Timu zilikaa shuleni, kanisani, sokoni Angurai, nyingine zilipita nyumba kwa nyumba. Mama Akiru alisimama kwenye kila laini, kila foleni, kama alivyoagizwa. Alama ya wino kidoleni, ya kuonyesha mtoto amekwisha kupewa, aliitoa kwa mafuta ya taa. Kisha akavuka mto na kadi ya pili, akasimama kwenye laini za kule.

Waliletwa kwetu mvua zikiwa zimeanza. Mtoto alikuwa akitapika, analia akishikwa miguu, hataki mwanga, hataki kubebwa. Daktari wa zamu alishuku malaria, lakini damu ilikuwa safi. Akahofia maambukizi ya utando wa ubongo, akaagiza sindano ya kutoa maji mgongoni. Dawa za kawaida ziliendelea, na pamoja nazo matone ya vitamini, kwa sababu faili lilisema mtoto huyu asikose vitamini.

Nilitandua kitanda chake asubuhi. Foronya ilikuwa na nywele, si moja wala mbili. Midomo ilikuwa imepasuka, na ngozi ya viganja ilikuwa ikibanduka kama ganda la kitunguu. Utapiamlo nilikuwa nimeuona, malaria nilikuwa nimeiona. Hiki sikuwa nimekiona, na bado nilihisi kwamba nakijua.

Sista alikuwa kando ya kitanda akimuuliza mama: amempa nini zaidi ya matone? Dawa ya duka? Mitishamba? Mama Akiru alitazama sakafu. "Sijampea kitu ingine, Sista. Matone tu." Sista akauliza tena, kwa utaratibu, sentensi kamili. Jibu likawa lilelile. Muuguzi mmoja kijana akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba hawa wa mpakani hata ukiwachoma hawasemi ukweli.

Nilielewa kwa nini alificha. Kukiri laini za ng'ambo ni kukiri kadi ya ng'ambo, na mtoto mwenye kadi ya Uganda huenda asingepewa tena ule unga. Alikuwa akilinda unga. Na daktari wa zamu alikuwa akinawa mikono kwa ajili ya sindano, na chupa ya matone ilikuwa juu ya kabati, na saa ya uji ilikuwa imekaribia.

Ningeweza kumvuta Sista kando na kumweleza. Hilo lingeniokoa mimi, na mama angebaki mwongo mbele ya wodi nzima. Tena nisingejua ni kapsuli ngapi, na bila hesabu daktari angeniona mzee anayebahatisha. Hesabu alikuwa nayo yeye.

Niliweka beseni chini. Nikasema, "Sista, huyu hana kosa. Ni mimi nilimwambia asimame kwa kila laini ya vitamini. Nilimwambia kwake hazishibi. Hukunituma."

Sista alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. Nikamgeukia mama. "Mama Akiru, hakuna mtu atakunyang'anya unga. Akinyang'anya, atanifukuza mimi kwanza. Maganda uliweka?"

Alilia kidogo, bila kelele. Kisha akafungua fundo la leso yake kiunoni, pale wanawake wanapofunga pesa. "Niliweka zote," alisema. "Sikupoteza hata moja. Nilikuwa nangoja siku ya kliniki nikuonyeshe."

Aliyamwaga juu ya shuka. Yalikuwa mekundu yote, yamekauka. Sista aliyapanga kwa kidole, moja moja. Yalikuwa saba. Manne ya huku, matatu ya ng'ambo, mama alieleza, ya muda wa wiki sita, juu ya matone ya kila siku. Alimwita daktari wa zamu, akamwonyesha, na daktari akaweka sindano chini. Chupa ya matone ikaondolewa juu ya kabati. Daktari akapiga simu Kisumu, na jibu la Kisumu lilikuwa hilo hilo: acheni vitamini zote zenye A, mpeni maji, chakula na unga wake, ngojeni.

Kungoja kulichukua siku nyingi. Sitazielezea moja moja. Kutapika kulipungua kwanza, mifupa iliuma kwa muda mrefu zaidi, na nywele zilirudi mwisho. Katika siku hizo ndipo nilipomwomba Mama Akiru radhi, ya maneno yangu kuhusu senti zake na ya lile agizo langu, yote kwa pamoja. Alisema, "Sawa, kukhu," akaendelea kumpiga mtoto kifuani. Sikustahili zaidi ya hapo.

Sista Benigna hakunifukuza. Kuna wanaosema alinionea huruma, hawakumjua. Aliniita ofisini, akaniuliza swali moja, "Nani alikupa ruhusa ya kujibu?" Nikasema hakuna. Akasema basi nitakwenda mwenyewe kumaliza nilichoanza. Akanipa barua, akanituma ng'ambo, kwenye zahanati ambako kadi ya pili ilitolewa.

Pale darajani Malaba afisa aliniuliza ninakwenda Uganda kufanya nini. Nilimwambia ninakwenda kueleza kosa langu. Akanitazama, akasema katika miaka yake yote hapo hajaona mtu akivuka na mzigo huo, akanipisha. Muuguzi wa zahanati ile alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani. Alisoma barua mara mbili. "Nnyabo," akasema, yaani mama kwa lugha ya kule, "sisi huku tulidhani nyinyi hamwezi kufikisha vitamini, ndio tukampa huyo mtoto kila mara. Tulimwonea huruma." Nikamwambia na sisi tulidhani hivyo hivyo kuhusu wao. Tukakubaliana kwamba mtoto mwenye ugonjwa huu atakuwa na kadi moja tu. Kazi ngumu ilikuwa kwa bibi wa ng'ambo, ambaye alisema tunamfutia mjukuu. Nilikaa naye mpaka jua likaanza kushuka. Mwisho alinipa kadi, lakini kwanza alimtaka yule muuguzi aandike jina la Akiru kwenye daftari la zahanati, ijulikane kwamba alihesabiwa hata kama hapewi kitu. Muuguzi aliandika. Sikuona ubaya wowote.

Najua mtauliza, kwa hiyo nasema. Akiru yu hai ninapoyatamka haya. Amefikisha miaka mitano. Kifua chake ni kibaya na kitazidi kuwa kibaya. Daktari wa Kisumu hajaficha hilo, na mama yake hakuuliza mara ya pili. Anapewa matone yake tena, kwa kipimo kilichopunguzwa na kupimwa upya, pamoja na chakula chenye mafuta na unga wake unapopatikana. Msije mkasema vitamini ni mbaya kwa watoto wa aina yake. Bila hizo angepofuka au kupinda mifupa. Ziwe kwa kipimo cha anayejua, wala si kwa huruma ya anayemtazama.

Siku ya vitamini iliyofuata ugonjwa ule, nilipelekwa na timu kwenye uwanja wa shule, Malaba. Kazi yangu ilikuwa mkasi. Laini ilikuwa ndefu, akina mama wakitaniana na kusukumana, mmoja akimwambia mwenzake kwamba mtoto wake ni mnene hivyo apewe ugali badala ya vitamini. Katikati ya laini nikamwona Mama Akiru, mtoto mgongoni. Nilikata, niliminya, nilikata, niliminya, naye akazidi kusogea. Nilifikiri: hakuelewa. Au ameelewa, na bado anaogopa kumnyima.

Alifika mbele. Mwandishi wa timu, kijana asiyemjua, akasema, "Mama, mshushe mtoto, hii ni bure." Kapsuli nyekundu ilikuwa tayari kati ya vidole vyangu.

Mama Akiru hakumshusha. Alinitazama mimi, akangoja. Laini nyuma yake ilianza kulalamika.

"Leo hapana, Mama Akiru," nikasema. "Daktari wa Kisumu hajasema. Akisema, Sista atakuita."

"Nilijua hivyo," akasema. "Nilitaka nisikie ukisema mbele ya watu."

Akatoka kwenye laini, akamrekebisha mtoto mgongoni, akaelekea sokoni kufungua mitumba yake. Mtoto aliyefuata alikuwa mvulana wa miaka mitatu, mzima. Nikamwuliza mama yake kama amepewa mahali pengine miezi hii, huku au ng'ambo, nikangoja mpaka akajibu, ndipo nikakata.